Kupanga Safari ya Pikipiki na Marafiki na Wenza: Mwongozo Unaoanzia Kiti cha Nyuma

Makundi mengi ya waendesha pikipiki hupanga safari kwa kutandaza ramani mezani, kuchagua barabara yenye kona nyingi na mandhari ya kuvutia, kisha kugawa kilomita kwa idadi ya siku walizonazo. Hesabu hiyo hutimia vizuri kwenye karatasi na huanza kuharibika mchana wa siku ya pili, pale mtu aliyekaa nyuma, ambaye hakushika usukani, hakuchagua mwendo na haoni kona mpaka imeshafika, anapoanza kuumwa kiuno na shingo. Marafiki wakiwa peke yao wanaweza kulivumilia kosa hilo kwa utani na kusonga mbele. Wakiwa na wenza wao hawawezi, na wala hawapaswi. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unachukua kiti cha nyuma kuwa kipimo cha kila uamuzi: urefu wa siku, uchaguzi wa njia, mzigo, mwendo wa kundi na hata siku ya kupumzika.

Makubaliano kabla ya ramani

Kikao cha kwanza kiwahusishe wote watakaosafiri, si waendeshaji peke yao. Kikao cha waendeshaji kinachofuatiwa na taarifa kwa wenza huzaa safari ya waendeshaji iliyobeba abiria, na tofauti yake na safari ya pamoja huonekana mapema. Katika kikao hicho kila mtu aseme mambo manne: siku ngapi anaweza kuwa mbali na kazi na familia, saa ngapi kwa siku anaweza kukaa juu ya pikipiki bila mateso, kiasi cha fedha asichotaka kukizidi, na jambo moja analotaka kulipata katika safari hiyo. Mmoja atataka kona za milimani, mwingine ufuo wa kuogelea, mwingine kulala mpaka saa tatu asubuhi. Hayo yote yanawezekana ndani ya safari moja yakijulikana mapema. Anayejibu kila swali kwa kusema “mimi sina shida, popote tu” aulizwe tena akiwa peke yake, maana mara nyingi huyo ndiye mwenye shida ambayo hakutaka kuisema mbele ya watu.

Amueni pia nani ataendesha pikipiki yake mwenyewe, nani atakaa nyuma, na nani angependa kusafiri kwa gari. Gari la kusindikiza huonekana na baadhi ya waendeshaji kama kupunguza heshima ya msafara. Kwa maoni yangu ni kinyume chake. Gari moja hubeba mabegi ya wote, vifaa vya ufundi na maji ya kutosha, na humpa nafasi ya kukaa mtu aliyechoka, aliyeloa au aliyeumwa tumbo, bila kuvunja safari ya wengine. Anayeliendesha asiwe mtumishi wa kundi. Apangiwe sehemu za mandhari kama wengine, na ikiwezekana watu wawili wapokezane usukani.

Idadi inayofaa kwenda pamoja ni pikipiki nne hadi sita. Zikizidi hapo, msafara unakuwa mrefu kiasi kwamba magari hayawezi kuupita kwa usalama, kituo cha mafuta kinachukua nusu saa, na kila taa ya barabarani inaukata vipande viwili. Kundi la pikipiki kumi ligawanywe mara mbili, kila upande na kiongozi wake, na watu wakutane kwenye chakula cha mchana na kwenye malazi.

Suala la pombe lisiachwe liamuliwe barabarani. Kanuni iliyo rahisi kuisimamia ni kwamba hakuna anayekunywa mpaka pikipiki zimeegeshwa kwa usiku huo, na jioni inayotangulia siku ngumu watu wanakunywa kidogo au hawanywi kabisa.

Njia: hesabu kwa saa, si kwa kilomita

Barabara yenye mandhari nzuri karibu kila mara ni barabara ya polepole. Penye kona za mfululizo, vijiji, malori yanayopanda mlima na vituo vya kutazama, wastani wa kilomita 45 kwa saa ni wa kawaida kwa pikipiki iliyobeba watu wawili. Kilomita 220 za namna hiyo, ambazo mwendeshaji wa barabara kuu angezimaliza kabla ya saa sita mchana, ni karibu saa tano kwenye kiti. Ongeza mapumziko, chakula, mafuta na picha, na siku nzima imekwisha. Saa tano za kukaa kwenye kiti ndizo ningeziweka kuwa kikomo cha kila siku kwa kundi lenye abiria, na siku ya kwanza iwe fupi zaidi, kwa kuwa watu huondoka wakiwa wamechelewa na wamelala kidogo.

Mapumziko yawe kila baada ya dakika 60 hadi 90, yakiwekwa kwenye mpango tangu mwanzo badala ya kuombwa. Abiria huona aibu kuwa mtu wa kwanza kuomba kusimama, na akiomba huwa amekwisha vumilia muda mrefu. Kuna sababu nyingine ambayo wapangaji huisahau: anayefaidi mandhari akiwa kwenye mwendo ni aliyekaa nyuma. Mwendeshaji anatazama lami, changarawe, matope na gari linalotokea kwenye kona, na iwapo anatazama bonde basi hatazami barabara. Kwa hiyo vituo vya kutazama vichaguliwe kwenye ramani kabla ya kuondoka, penye nafasi pana na tambarare ya kuegesha pikipiki zote nje ya barabara, ili naye apate kuiona sehemu aliyoifuata.

Upande wa kupita ni jambo dogo lenye faida kubwa. Katika barabara ya pwani au ya ukingo wa bonde, panga mwelekeo utakaowaweka kwenye njia iliyo karibu na maji au bonde. Mfano unaojulikana ni barabara ya California State Route 1 nchini Marekani, ambako magari hupita kulia: anayekwenda kusini ana bahari upande wake na huingia kwenye vituo vya kutazama bila kukata njia ya magari yanayokuja, ilhali anayekwenda kaskazini analazimika kukata kila mara. Kwenye nchi ambako magari hupita kushoto, hesabu hiyo inageuka. Vilevile epukeni kuelekea magharibi saa za alasiri ya mwisho na mashariki asubuhi mapema, kwa kuwa jua la chini huficha kona na humfanya dereva anayewafuata nyuma asiwaone.

Milima inahitaji hesabu ya joto. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Njia ya Stelvio nchini Italia, maarufu kwa kona zake 48 za kugeuka kabisa upande wa kijiji cha Prato, hufika mita 2,757; anayeanza kupanda kutoka kijijini, kwenye mita 900 hivi, akiwa na joto la nyuzi 25, atafika kileleni penye nyuzi 13 au chini ya hapo. Kisha kuna upepo wa mwendo wenyewe: hewa ya nyuzi 10 kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa huhisiwa mwilini kama nyuzi 4. Anayeendesha ana kioo cha upepo mbele yake na mwili wake unafanya kazi. Aliye nyuma amekaa kimya na hupoa haraka zaidi. Nguo ya ndani ya kukinga baridi iwe juu kabisa ya begi, ivaliwe kabla ya kuanza kupanda, wakati watu bado wanalalamikia joto. Njia nyingi za milima mirefu hufungwa wakati wa theluji, kwa hiyo thibitisha kwamba iko wazi kabla ya kulipia malazi ya upande wa pili.

Mafuta yapangwe kwa tangi dogo kuliko yote katika kundi. Tuseme pikipiki moja ina tangi la lita 13 na hutumia lita moja kwa kilomita 20: kwa hesabu ya moja kwa moja inaweza kwenda kilomita 260. Ikiwa na watu wawili, mabegi na milima, itakula zaidi, na hakuna anayependa kutafuta kituo akiwa na tone la mwisho. Kituo cha kujaza kiwe ndani ya kilomita 180, na kila pikipiki ijaze hapo hata kama ya kwako ina tangi kubwa linalokutosha mpaka jioni. Kundi ambalo kila mtu hujaza kwa wakati wake husimama mara nyingi zaidi.

Kila siku iwe na njia fupi ya akiba inayofika kwenye malazi yaleyale, ili mvua au uchovu ukiwapata mchana pawe na pa kukatia bila mjadala mrefu kando ya barabara. Lengo liwe kufika angalau saa moja na nusu kabla ya giza. Machweo huwaleta wanyama barabarani, na mwanga hafifu hufanya mashimo yasionekane mpaka umeyafikia.

Baada ya siku mbili au tatu za barabara, wekeni siku moja ambayo pikipiki haziguswi kabisa. Waendeshaji watataka kuitumia siku hiyo “kuzunguka kidogo tu”, na kuzunguka huko huwa ni kilomita 150. Wanaotaka waende, lakini siku hiyo ni ya wenza na ratiba yake ipangwe nao.

Pikipiki na uzito wake

Uzito ni jambo linalopuuzwa kuliko yote, kwa sababu pikipiki haikatai kubeba. Hukubali, kisha hulipiza kwenye kona na kwenye breki. Katika kitabu cha pikipiki kuna uzito wa juu unaoruhusiwa kwa jumla. Toa humo uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta na oili, na kinachobaki ndicho uwezo wa kubeba, ambao kwa pikipiki nyingi za safari ni kama kilo 180 hadi 220. Mwendeshaji wa kilo 85, mwenza wa kilo 65, nguo za kujikinga, buti na kofia za wawili kilo 20, masanduku matupu kilo 12 na vilivyomo kilo 20 vinafika kilo 202. Hapo ndipo mtu anapogundua kwamba jozi ya tatu ya viatu haikuwa na nafasi, au kwamba gari la kusindikiza lilikuwa wazo zuri.

Vitu vizito vikae chini na karibu na katikati ya pikipiki, yaani sehemu za mbele na za chini za masanduku ya pembeni, na pande zote mbili zilingane. Sanduku la juu nyuma ya abiria lipewe vyepesi tu. Kibebeo chake kwa kawaida kina kikomo cha kilo chache, na uzito uliokaa nyuma ya gurudumu la nyuma huipunguzia tairi la mbele mgandamizo, hadi usukani unaanza kucheza kwenye mwendo.

Ukishajua uzito, rekebisha pikipiki iufuate. Springi ya nyuma ikazwe kwa kiwango kilichoandikwa kwa watu wawili na mzigo. Ukiiacha ilivyokuwa ulipoendesha peke yako, sehemu ya nyuma inaketi, pikipiki inakuwa nzito kuingia kona, na taa ya mbele inaelekea juu ikawapofusha wanaokuja. Baada ya kukaza springi, angalia taa hiyo ukutani usiku mkiwa wawili juu ya kiti. Upepo wa tairi upimwe tairi likiwa baridi, kabla ya kuondoka asubuhi, kwa kiwango cha watu wawili. Mara nyingi tofauti iko kwenye tairi la nyuma. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2322 ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2022. Tairi lililokwisha katikati kwa sababu ya barabara kuu halifai kwa wiki nzima ya kona. Libadilishe mapema, ukaliendeshe kwa upole kilomita kama 150 za kwanza kabla ya safari yenyewe.

Cheni ina somo lake. Pikipiki ikiwa kwenye stendi ya pembeni, isukume cheni kwa kidole juu na chini katikati ya sehemu yake ya chini, na upime mwendo wake wote. Pikipiki nyingi za barabarani hutaka milimita 25 hadi 35, za njia mbaya huhitaji zaidi, na kiwango halisi kimebandikwa kwenye mkono wa gurudumu la nyuma. Izungushe na upime tena penye kukaza zaidi, kwani cheni iliyotumika hailegei sawa kila mahali. Watu wawili wanapoketi, springi inashuka na cheni hujivuta, kwa hiyo cheni iliyokazwa mno ni hatari kuliko iliyolegea kidogo: huchosha beringi za shafti ya injini na inaweza kukatika. Ipakwe oili kila baada ya kilomita 500 hadi 800, na mara baada ya mvua, jioni mnapofika ikiwa bado ina joto. Mwenye pikipiki ya mkanda au ya shafti hana kazi hiyo, na atalisema hilo kila jioni.

Matengenezo makubwa yafanyike wiki mbili kabla ya kuondoka, siyo jana yake. Kazi ya fundi inahitaji siku chache za kawaida ili kasoro ijitokeze karibu na nyumbani: boliti iliyosahaulika, breki yenye hewa ndani, au oili inayovuja polepole.

Kumwandaa aliye nyuma

Mtu ambaye hajawahi kukaa nyuma kwa zaidi ya nusu saa asianze na safari ya siku tano. Fanyeni siku ya majaribio ya kilomita 150 hivi, mkiwa na mabegi yaleyale, na jioni yake muulize kinachouma. Majibu yake yanatengenezeka: kiti kigumu huwekewa mto wa kukalia, vikanyagio vilivyo juu sana vinavyokunja magoti hushushwa kwa baadhi ya pikipiki, na sanduku la nyuma lenye pedi ya kuegemea mgongo hubadilisha hali ya abiria kuliko kifaa kingine chochote unachoweza kununua.

Kupanda na kushuka kuwe na utaratibu usiobadilika. Mwendeshaji anakaa kwanza, miguu yote miwili chini, breki ya mbele imeshikwa, kisha anasema “panda”. Abiria anatoka upande wa kushoto, anaweka mkono wake kwenye bega la mwendeshaji, anakanyaga kikanyagio cha kushoto na kuurusha mguu wa kulia juu ya kiti bila kuusukuma mwili wa pikipiki pembeni. Akishakaa, anagonga bega mara mbili: ndipo gia inaingia. Kushuka ni vilevile kwa mpangilio wa kurudi nyuma, na hakuna anayeshuka kabla ya neno. Pikipiki nyingi zenye watu wawili huangukia kwenye maegesho, injini ikizunguka polepole, kwa sababu mmoja alishuka mwingine akiwa bado anatafuta mahali pa kuweka mguu.

Kwenye mwendo, abiria anatakiwa kufanya mambo machache na kuyafanya kila mara. Kwenye kona anatazama juu ya bega la mwendeshaji lililo upande wa ndani, na mwili utafuata wenyewe bila yeye kujilaza wala kujivuta upande wa pili. Breki zinapokamata, anajizuia kwa mkono mmoja kwenye tangi au kwenye mshikio, ili uzito wake usimwangukie mwendeshaji mikononi. Miguu inabaki kwenye vikanyagio hata mnaposimama kwenye taa. Ishara za kugonga zikubaliwe: mara moja kwa “punguza mwendo”, mara tatu kwa “simama mahali salama”. Vipaza sauti vya ndani ya kofia ni bora zaidi, na kwa wanandoa ndicho kifaa ambacho ningekinunua kabla ya mabegi ya gharama. Kundi linalotaka kuzungumza pamoja lihakikishe vifaa vyake vinaelewana, kwa kuwa vya watengenezaji mbalimbali mara nyingi havielewani vizuri.

Mwendeshaji naye ana wajibu wake. Kofia za watu wawili zikigongana kila gia inapobadilishwa, tatizo liko kwenye mkono wa klachi na wa mafuta, si kwa aliyekaa nyuma. Anza kupunguza mwendo mapema, fungua mafuta polepole, na uache nafasi kubwa ya kupita gari kuliko uliyozoea; pikipiki iliyobeba wawili huchelewa kushika mwendo na huchelewa kusimama.

Nguo za kujikinga zilingane kwa wote wawili. Inasikitisha, na ni jambo la kawaida, kumwona mwendeshaji amevaa ngozi kamili na nyuma yake mtu mwenye suruali nyepesi na viatu vya wazi, ilhali lami haitofautishi. Kofia iwe ya kipimo cha mvaaji mwenyewe, yenye alama ya kiwango kinachotambulika kama ECE 22.06, isiyowahi kupata kishindo. Jaketi na suruali zenye alama ya EN 17092 hupangwa kwa madaraja, ambapo AAA ni ya juu, kisha AA, kisha A. Kwa safari ya joto, AA yenye matundu ya kupitisha hewa huvaliwa kweli, na nguo inayovaliwa ni bora kuliko ya daraja la juu iliyokunjwa kwenye sanduku. Viziba masikio ni vya wote: kelele ya upepo kwenye mwendo wa barabara kuu huchosha na huharibu usikivu hata ndani ya kofia nzuri.

Mwendo wa kundi

Mteue anayeongoza na anayefunga msafara. Anayeongoza anaijua njia na ana mwendo wa utulivu. Anayefunga ndiye mwenye uzoefu mkubwa kuliko wote, ana vifaa vya ufundi na vya huduma ya kwanza, na hapiti mtu hata iweje. Mwenye uzoefu mdogo na mwenye pikipiki ndogo wakae nyuma ya kiongozi moja kwa moja, kwa sababu mkia wa msafara ndio unaolazimika kukimbia kufidia nafasi zinazofunguka mbele.

Kwenye barabara iliyonyooka mpangilio ni wa kupishana, mmoja kushoto mwa njia yake na anayefuata kulia. Nafasi ya kawaida inayofundishwa ni sekunde mbili nyuma ya pikipiki iliyo kwenye mstari wako, ambazo kwa kilomita 80 kwa saa ni mita 44. Kwa pikipiki zenye abiria ningeifanya iwe sekunde tatu. Kukumbuka kwamba mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kufunga breki unazidi mara nne, kunatosha kumfanya mtu aache nafasi. Kona zikianza, mpangilio wa kupishana unavunjwa na kila mmoja anapita kwa mstari na mwendo wake, katika safu moja. Hapa ndipo ajali nyingi za makundi hutokea: mtu anaacha kuitazama barabara, anatazama taa ya nyuma ya mwenzake, na anaingia kwenye kona kwa mwendo ambao si wake. Ikimtokea, atazame pale anapotaka kwenda, kwani pikipiki hufuata macho, pamoja na macho yaliyokwama kwenye kingo za barabara.

Ili mtu asilazimike kukimbia, iwepo kanuni moja ya makutano: kila mwendeshaji anawajibika kwa aliye nyuma yake. Ukifika mahali pa kugeuka, unasubiri mpaka uhakikishe amekuona na ameona unakogeukia, ndipo unaendelea. Wa nyuma akisimama kwa pancha, aliye mbele yake atasimama, na wa mbele ya huyo pia, mpaka msafara wote umesimama bila simu hata moja. Kanuni hiyo ikiaminiwa, wenye haraka kwenye kona wanaweza kutangulia na wasiotaka wakaja polepole, wote wakikutana kwenye makutano yanayofuata. Inazuia ugomvi mwingi.

Karatasi, fedha na malazi

Sehemu hii haihitaji maelezo marefu. Bima isomwe ithibitishwe kwamba inamhusu abiria na inalipia matibabu na usafirishaji wa majeruhi. Ya pikipiki ya kukodi isomwe mara mbili. Mkivuka mipaka, kibali cha kimataifa cha udereva kiwe na daraja A, yaani la pikipiki, lililogongwa muhuri, na kiwe cha mkataba unaokubaliwa na nchi husika, kwani kuna cha mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 na cha mkataba wa Vienna wa mwaka 1968. Baadhi ya nchi hudai hati ya forodha iitwayo Carnet de Passages kwa ajili ya pikipiki, ambayo hutolewa na vyama vya wenye magari na huchukua wiki kadhaa.

Gharama za pamoja, yaani mafuta ya gari la kusindikiza, maegesho na vyakula vya kundi, zitoke kwenye mfuko mmoja unaochangiwa sawa na kushikwa na mtu asiye mwendeshaji. Malazi yapangwe kwa kuuliza mambo mawili kabla ya mengine yote: pikipiki zitalala wapi, na je, chumba kina mahali pa kukaushia nguo zilizoloa.

Dharura

Kila mmoja awe na kadi ya karatasi ndani ya jaketi yenye aina ya damu kama anaijua, mizio, dawa anazotumia na namba ya ndugu asiyekuwemo safarini. Simu ya mwenza haisaidii ikiwa mwenza mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha nyuma. Namba 112 hufanya kazi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya na katika nchi nyingine nyingi, lakini namba ya dharura ya kila nchi mtakayopita iandikwe kwenye kadi hiyohiyo.

Pikipiki ikianguka, jambo la kwanza ni kuzuia ajali ya pili: mmoja anarudi nyuma kuonya magari, mwingine anazima injini, wa tatu anapiga simu akitaja alama ya kilomita au mahali mlipo kama ramani ya simu inavyoonyesha. Kofia ya majeruhi isivuliwe iwapo anapumua, kwani shingo inaweza kuwa imeumia. Fungua kioo chake, mwongeleshe, mfunike asipoe. Inavuliwa tu pale pumzi inapozuiwa, na huvuliwa na watu wawili, mmoja akishika kichwa na shingo muda wote. Nusu siku ya mafunzo ya huduma ya kwanza ihudhuriwe na wote, wenza wakiwemo, kwa sababu anayeanguka anaweza kuwa ndiye aliyefunzwa.

Kwa hitilafu ndogo, vifaa vya kundi vitoshe: seti ya kuziba pancha inayolingana na tairi zenu (zenye tyubu zinahitaji vyuma vya kufungulia na tyubu ya akiba, zisizo na tyubu zinazibwa kwa plagi kutoka nje), pampu, spana za pikipiki zote, waya, mkanda wa kubandika, fyuzi na kebo ya klachi kwa pikipiki inayoitumia. Tairi lililozibwa kwa plagi likiwa na watu wawili juu yake liendeshwe taratibu mpaka kwa fundi wa karibu, na abiria ahamie kwenye gari.

Siku za barabarani

Asubuhi, kabla ya kofia kuvaliwa, kiongozi aeleze kwa dakika tano: njia ya leo, mahali pa kusimama, kituo cha mafuta, sehemu ngumu na mahali pa kukutana mtu akipotea. Wakati huohuo waendeshaji wakague tairi, breki, taa na kamba za mizigo. Ratiba iseme saa ya kuwasha injini, siyo saa ya kuondoka. Watu wakiambiwa “tunaondoka saa mbili”, saa mbili ndipo wanapoanza kutafuta glavu. Kila mtu anywe maji kwenye kila kituo hata kama hana kiu, maana upepo hukausha jasho kabla hujalihisi, na mwendeshaji aliyepungukiwa maji hufanya uamuzi mbovu.

Jioni ya kila siku muulizeni kila aliyekaa nyuma kama kesho ibaki ilivyopangwa. Wawili wakisema ifupishwe, ifupishwe: njia ya akiba iliwekwa kwa ajili hiyo.

Siku ya mwisho isiwe ndefu kuliko nyingine, ingawa kishawishi cha kurudi kwa mkupuo mmoja ni kikubwa. Watu wamechoka, barabara za karibu na nyumbani zinaonekana salama kwa sababu zimezoeleka, na kila mmoja tayari anawaza kazi ya kesho. Msafara uvunjwe rasmi kwenye kituo cha mwisho cha mafuta, na kila anayefika kwake atume ujumbe kwa aliyefunga msafara. Aliyeshika mfuko wa pamoja afunge hesabu ndani ya wiki hiyohiyo, wakati risiti bado zipo na hakuna aliyesahau ni nani alilipia nini.